Maswali yenu kuhusu Ousamequin, chifu mnayemwonea

Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya Wamarekani ikikaribia, maswali kuhusu chifu wa Wampanoag, wenyeji wa asili wa pwani ya Massachusetts, aliyewapokea Waingereza wa Plymouth huja kwa wingi. Karibu yote huegemea upande mmoja kati ya miwili: ama alikuwa mwenyeji mwema kupita kiasi, ama alikuwa mjinga aliyeuza nchi. Sikubaliani na upande wowote, na nimechagua maswali yatakayonipa nafasi ya kusema kwa nini. Jina lake lilikuwa Ousamequin. Massasoit, mnavyoandika wengi, ni cheo.

Shikamoo mwalimu. Kwa nini hakuwafukuza wale Waingereza walipokuwa wachache na wagonjwa? Si angeokoa vizazi vyote vilivyofuata? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Unadhani waliokuwa wachache na wagonjwa ni upande mmoja tu. Kati ya 1616 na 1619 gonjwa lililokuja na meli za Wazungu lilipita pwani ya New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo) na kuua watu wengi kiasi kwamba waliosalia hawakuweza kuwazika wafu wao. Kijiji cha Patuxet kiliisha chote. Waingereza hao, abiria wa meli ya Mayflower, waliposhuka Desemba 1620, walijenga Plymouth palepale Patuxet, kwenye mashamba yaliyokwisha kufyekwa na watu ambao mifupa yao ilikuwa bado inaonekana juu ya ardhi katika nchi ile.

Sasa tazama ramani. Ousamequin alikaa Pokanoket, upande wa mashariki wa Ghuba ya Narragansett. Ng'ambo, upande wa magharibi, walikaa Wanarragansett, na gonjwa lile halikuwagusa. Wao walibaki na nguvu zao zote, yeye amepoteza sehemu kubwa ya watu wake, na walishamlazimisha awanyenyekee. Hao ndio waliokuwa wakimnyima usingizi. Wageni 102 ambao nusu yao walikufa kabla baridi ya kwanza haijaisha hawakuwa tishio la kwanza katika hesabu zake.

Wala hakuwakimbilia kwa mikono miwili. Aliwaacha wahangaike majira yote ya baridi huku watu wake wakiwachungulia kutoka msituni. Bradford, gavana wao wa baadaye, aliandika kwamba waganga wa wenyeji walikusanyika siku tatu katika kinamasi kuwaapiza. Ndipo tarehe 16 Machi 1621 akatangulia Samoset, mtu wa kaskazini aliyeokota Kiingereza kwa wavuvi, akaingia kijijini mwao peke yake na kuwasalimu kwa lugha yao. Siku sita baadaye akaja Ousamequin mwenyewe na wapiganaji wapatao 60, akasimama juu ya kilima, na hakuteremka mpaka Edward Winslow, mmoja wa walowezi, alipokwenda kukaa na watu wake kama rehani. Huyo ni mtu anayejua thamani ya bunduki za wageni na hatari yake, na anataka ziwe upande wake kabla hazijawa upande wa adui.

Halafu kuna jambo ambalo wanaosema "angewafukuza tu" hawalifikirii. Meli zilikuwa zikija pwani ile miaka mingi, kwa biashara na kwa kuteka watu. Kundi moja lingefukuzwa, lingekuja jingine, pengine kwa mwaliko wa Wanarragansett.

Kwenye ile karamu ya 1621 walikula bata mzinga?

Bradford anawataja bata mzinga wa mwituni katika akiba ya msimu ule. Winslow, katika maelezo yake ya karamu, anataja ndege wa kuwindwa bila kusema ni ndege gani, na kulungu watano walioletwa na watu wa Ousamequin. Tuendelee.

Kaka, naomba unieleze kwa kifupi jinsi Ousamequin na Waingereza walivyoanzisha Thanksgiving. (Wasomaji wengi mno)

Hawakuanzisha. Hili nimelijibu hadi nimechoka, na bado linaletwa na watu ambao ni wazi hawakusoma majibu yaliyotangulia. Vuli ya 1621 kulikuwa na karamu ya mavuno ya siku tatu. Tunaijua hasa kwa sababu ya barua moja ya Winslow ya Desemba mwaka huo, ambayo imeitengea mistari michache tu, na haisemi popote kwamba Wampanoag walialikwa. Inasema walikuja. Rais Lincoln ndiye aliyetangaza sikukuu ya kitaifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu zake.

Badala ya kuuliza kuhusu vyakula, angalieni idadi. Ousamequin alifika na wanaume wapatao 90. Waingereza wote waliobaki hai, pamoja na wanawake na watoto, walikuwa kama 50. Nani alikuwa mgeni wa nani hapo?

Ndugu mwandishi, ule mkataba wa amani wa 1621 kati ya Ousamequin na Waingereza ulikuwa wa haki au ulikuwa ulaghai? (Msomaji, Nairobi)

Soma vipengele vyake kwanza. Kwamba watu wake wasiwadhuru Waingereza, na akitokea wa kudhuru, apelekwe kwao waadhibu wenyewe. Kwamba zana zikiibwa zirudishwe, na Waingereza nao watende hivyo hivyo. Kwamba yeye akishambuliwa bila haki wamsaidie, nao wakishambuliwa awasaidie. Kwamba awaarifu majirani walio chini yake. Kwamba watu wake wakija Plymouth waache pinde na mishale. Hakuna neno la kuuza ardhi hata moja, na hakuna neno la kuwa raia wa Mfalme James. Ameitwa rafiki na mshirika wake.

Kipengele cha silaha ndicho kinachonisumbua. Katika maelezo yaliyochapishwa London mwaka 1622, kinaendelea: Waingereza nao wakienda kwa Wampanoag wataacha bunduki zao. Bradford alipoandika historia yake baadaye, aliorodhesha mkataba uleule, na sehemu ya bunduki haimo. Pinde za wenyeji zimebaki, bunduki za wageni zimeyeyuka. Sisemi aliifuta kwa makusudi. Nasema hivi: anayekwambia "mkataba ulisema" mwulize ni nakala gani, na kumbuka kwamba nakala zote mbili ziliandikwa na upande mmoja. Ousamequin hakuacha hata mstari.

Ndiyo maana pia nawaomba msinitumie tena ile nukuu yake inayozunguka mitandaoni kuhusu ardhi kuwa mama yetu. Anayeisambaza aoneshe kwanza nani aliisikia na lini.

Mbona humtaji Squanto, rafiki wa kweli wa pande zote mbili? (Msomaji, Dodoma)

Wa pande zote mbili! Ousamequin angecheka. Kisha angekasirika.

Tisquantum, huyo mnayemwita Squanto, alikuwa mtu wa Patuxet. Mwaka 1614 nahodha Mwingereza aitwaye Thomas Hunt alimteka pamoja na wenzake, akawapeleka Málaga, Hispania, kuwauza utumwani. Alifika London, akajifunza Kiingereza, akarudi kwao 1619 na kukuta hana kwao: kijiji kizima kimekufa. Mtu aliyepitia hayo nina huruma naye, na sina shaka kwamba bila yeye walowezi wangechelewa sana kujua namna ya kupanda mahindi katika udongo ule. Lakini hadithi za watoto huishia kwenye mahindi.

Mwaka 1622 alianza kujijengea ukubwa wake. Aliwaambia wenyeji kwamba Waingereza wamefukia tauni chini ya ghala lao na wanaweza kuifungulia wakitaka, na kwamba yeye ndiye mwenye uwezo wa kuwatuliza, kwa hiyo wamletee zawadi. Kisha ikaenezwa habari kwamba Ousamequin ameungana na Wanarragansett kuishambulia Plymouth. Ilikuwa uongo. Hobbamock, mtu wa Ousamequin aliyeishi kati ya Waingereza, aliukataa palepale, na mke wake akaenda Pokanoket kuona kwa macho yake.

Ousamequin akafanya kilichoandikwa katika mkataba: akadai apewe mkosaji. Alituma wajumbe na ngozi za mnyama aitwaye biva, na kisu chake mwenyewe, ili wamrudishie kichwa na mikono. Bradford alikubali kwamba dai lina haki, na bado alivuta muda, kwa sababu alimhitaji mkalimani. Mashua ikaonekana baharini, gavana akasema ngoja kwanza tujue ni ya nani, wajumbe wakaondoka kwa hasira. Tisquantum alikufa kwa homa Novemba mwaka huohuo akiwa safarini na Waingereza. Wanaotaka kujua nani alikuwa wa kwanza kuukunja mkataba ili umfae, waanzie hapo, mwaka mmoja tu baada ya kukubaliana.

Ousamequin alibatizwa?

Hapana. Aliishi jirani na Wakristo miaka 40 na akafa na dini yake.

Nimesoma kwamba Mwingereza alimponya alipokuwa mahututi. Ni kweli au ni propaganda? (Muuguzi, Mwanza)

Ni kweli, na ni propaganda vilevile, maana aliyeisimulia ni mponyaji mwenyewe. Machi 1623 habari zilifika Plymouth kwamba Ousamequin anakufa. Winslow akaenda pamoja na Hobbamock. Alimkuta amezungukwa na umati, macho hayaoni, hajala, ulimi umevimba. Kama muuguzi utapenda sehemu hii: alimkwangua ulimi na kuusafisha mdomo, akamlisha vitu vitamu kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, kisha akapika mchuzi mwepesi wa unga wa mahindi, majani ya stroberi na mzizi wa sasafrasi, akauchuja kwa leso yake. Macho yakarudi. Mgonjwa akataka bata. Winslow alimwonya juu ya mafuta, hakusikia, akala, akatapika na kutokwa damu puani. Akapona hata hivyo.

Lililofuata huachwa nje ya hadithi za jioni. Kwa shukrani, alimpa Hobbamock siri ya kupelekea Waingereza: Wamassachusett, kabila jirani, wanapanga kuwamaliza walowezi wengine waliokuwa Wessagusset, kisha Plymouth, na dawa ni kuwaua viongozi kwanza. Kapteni Standish, mkuu wa askari wa Plymouth, akaenda, akawavuta Pecksuot na Wituwamat, watu wa Wamassachusett hao, chumbani, akawachinja. Kichwa cha Wituwamat kilitundikwa kwenye ngome ya Plymouth. Mpango ule ulikuwa mkubwa kiasi gani, tunategemea tena maneno ya Waingereza. Lakini angalia nani alifaidika. Jirani aliyeweza kumpinga Ousamequin aliangushwa, na aliyeloa damu ni mtu mwingine. Yeye alijua kuutumia urafiki ule sawasawa na walivyojua wao.

Kwa hiyo alikuwa Mangungo wa Marekani? (Msomaji, Kilosa)

Hapana. Karatasi iliyotiwa saini na Mangungo wa Msovero mwaka 1884 ilidai kumpa Carl Peters nchi nzima siku ileile. Mkataba wa 1621 haukumpa Mwingereza hata shamba. Na wote wawili wamechoka kutumiwa na sisi kama matusi.

Basi nchi iliondokaje? Nimeona mahali kwamba aliuza eneo kubwa kwa makoti 7. Unamteteaje? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

Orodha kamili, maana wewe ni wa sheria: makoti 7, mashoka madogo 9, majembe 8, visu 20, ngozi 4 za kulungu mkubwa wa kaskazini, na yadi kumi na nusu za kitambaa cha pamba. Ni Machi 1649. Walionunua ni Standish na wenzake kwa niaba ya watu wa Duxbury, na eneo lilipimwa maili 7 kila upande kutoka mtego wa samaki wa Satucket. Pana mji wa Bridgewater leo. Mwaka 1653 akauza na sehemu ya Sowams, karibu na makao yake mwenyewe, kwa pauni 35. Kati ya wanunuzi wamo Standish na Bradford, watu wa tangu siku za mkataba wa kwanza.

Simtetei kwa kila alichouza. Naomba tu usisome hati ya 1649 kana kwamba iliandikwa 1621, kosa ambalo wanafunzi wa sheria hulifanya kwa raha zao. Kati ya 1630 na 1640 Waingereza wapatao 20,000 walimiminika Massachusetts. Mwaka 1637 waliliangamiza kabila la Wapequot, wakateketeza ngome yao ya Mystic na watu wakiwa ndani, wanawake na watoto. Kila chifu wa eneo lile alielewa somo. Ousamequin aliyekuwa na nguvu ya kuchagua wageni wake sasa alikuwa mmoja wa majirani wengi wa koloni linalokua, na kuuza kipande kwa hati, kwa watu anaowajua, kulionekana njia ya kubakiza kingine. Mara nyingi wauzaji waliendelea kuwinda na kuvua katika eneo walilouza, mpaka siku mlowezi alipoweka ua.

Na kabla ya ua, nguruwe. Wanaosoma historia hii kwa hati pekee hawawaoni. Waingereza waliachia nguruwe na ng'ombe wao wajitafutie. Wanyama wakaingia katika mashamba ya mahindi yasiyo na uzio na kufukua mashimo ya akiba, nguruwe wakashuka hadi ufukweni kula chaza. Mwenye shamba akilalamika, anaambiwa ajenge uzio. Akimuua mnyama, anashtakiwa. Familia ikishapoteza mavuno misimu miwili mfululizo, hati ya mauzo ni suala la muda tu. Anayetaka kujua ardhi huondokaje mikononi mwa watu, hapa Afrika Mashariki au popote, asianze na saini. Atazame kwanza mifugo ya nani imeruhusiwa kupita wapi.

Mtoto wake Metacom ndiye aliyevunja amani ya baba. Kwa nini tumlaumu Mwingereza? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu ya mpangilio wa matukio. Ousamequin alifariki kati ya 1660 na 1661. Wanawe wawili walikuwa wameomba majina ya Kiingereza mbele ya mahakama ya Plymouth, wakaitwa Alexander na Philip; hao si watu waliokuwa wakitafuta vita. Mkubwa, Wamsutta, alikamatwa 1662 na kupelekwa kuhojiwa kwa sababu aliuza ardhi kwa watu wasio wa Plymouth. Aliugua humohumo, akafa. Aliyemkamata ni Josiah Winslow, mtoto wa yule aliyemchujia baba yake mchuzi kwa leso. Wampanoag waliamini amelishwa sumu.

Metacom akarithi. Mwaka 1671 aliitwa Taunton, mji wa walowezi, akalazimishwa kukiri kosa na kusalimisha bunduki za watu wake. Mnakumbuka kipengele cha silaha? Mwaka 1675 John Sassamon, mkalimani Mkristo, alikutwa amekufa chini ya barafu ya ziwa. Mwenyeji ameuawa, wenyeji watatu wanashtakiwa, na mahakama ya Plymouth inawahukumu kunyongwa. Uhuru ambao baba alidhani ameulinda kwa miaka 40 ulikuwa umekwisha siku ile. Vita vilianza mwezi uleule wa Juni.

Vilikuwa vikali kwa pande zote; zaidi ya miji kumi ya walowezi iliharibiwa. Metacom aliuawa tarehe 12 Agosti 1676 na mwenyeji mwenzake aliyekuwa katika kikosi cha kapteni wa walowezi, Benjamin Church. Kichwa chake kilikaa juu ya mti Plymouth kwa zaidi ya miaka 20. Mke wake na mtoto wao wa kiume wa takriban miaka tisa walitekwa, na wachungaji walijadiliana kwa aya za Biblia kama mtoto auawe au la. Aliuzwa utumwani. Mateka wengine walipelekwa visiwa vya Karibi, na wako waliofika hadi Tangier, Moroko, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza wakati huo. Mmisionari John Eliot alikuwa akiwaulizia katika barua za miaka ya 1680. Wanaodhani meli za watumwa zilielekea upande mmoja tu wa Atlantiki waliweke hilo akilini.

Tunaishi Massachusetts. Mwalimu wa mwanetu ametaka watoto waje na manyoya ya karatasi kichwani "kuwakumbuka Wampanoag waliokuwepo". Tufanyeje? (Mama wa watoto wawili)

Mwandikie mwalimu kwa adabu kwamba hawajaenda popote. Wampanoag wa Aquinnah walitambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 1987, wa Mashpee mwaka 2007. Mwaka 2020 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilitaka kuwaondolea Mashpee hadhi ya ekari 321 walizonazo, wakaenda mahakamani, na mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa. Lugha yao, iliyokuwa imebaki bila wazungumzaji, imefufuliwa tangu 1993 kwa juhudi za Jessie Little Doe Baird na wenzake, wakitumia pamoja na maandishi mengine Biblia ya Eliot ya 1663 iliyotafsiriwa kwa lugha hiyo. Mbegu hiyo mmisionari hakuipanda kwa ajili ya mavuno haya.

Mkipenda, badala ya manyoya, mpelekeni mtoto Plymouth siku yenyewe ya sikukuu. Tangu 1970 wenyeji hukusanyika kilima cha Cole's Hill kwa Siku ya Maombolezo. Ilianza baada ya Wamsutta Frank James, Mwampanoag, kualikwa kuhutubia hafla ya miaka 350 ya Mayflower. Waandaaji waliisoma hotuba yake mapema wakaikataa. Vaeni makoti mazito.

Kuna picha halisi ya Ousamequin?

Hakuna. Sanamu ya shaba iliyoko Plymouth ilitengenezwa na Cyrus Dallin na kusimamishwa 1921, kwa kubuni. Waingereza waliomwona mwaka 1621 waliandika kwamba alikuwa mtu mzima mwenye mwili imara, uso wa makini, mchache wa maneno, shingoni shanga nyeupe za mfupa, uso umepakwa rangi nyekundu iliyokolea, na kisu kirefu kikining'inia kifuani. Hawakutaja lile taji kubwa la manyoya mnaloliona kwenye kadi za sikukuu. Hilo ni vazi la watu wa nyanda za magharibi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Pokanoket, kwa hiyo anayenitumia kadi hizo mwaka huu asitarajie kujibiwa.